Bwana Shamba na Sahihi ya Seyyid

Mzee Costantine hakuwahi kununua hata fungu la dagaa bila kuligeuza chini juu. Kijiji chetu chote cha Kirongwe kinamjua hivyo. Siku zake za serikalini, alipokuwa akipita na pikipiki kukagua mikorosho, alikuwa akipima korosho za mtu, kisha anazimwaga na kuzipima tena kwa mizani nyingine aliyoibeba mwenyewe. Mwenye korosho akinuna, yeye hunyamaza tu na kuandika. Alipostaafu pikipiki ilirudishwa, jina likabaki, na mpaka leo watoto wa hapa hawajui kwamba ana jina jingine zaidi ya Bwana Shamba.

Mtu huyo ndiye aliyekwenda kutia mafao yake yote kwenye makaratasi ya kale ambayo hawezi kuyasoma hata herufi moja. Habari ilipotufikia tulicheka mpaka tukashika mbavu, kwa sababu kama angeambiwa mtu atabiri nani kisiwani atauziwa mbuzi kwenye gunia, Costantine angekuwa wa mwisho kutajwa.

Lakini naye alikuwa na hesabu zake. Mwaka ule wa kustaafu alikuja mgeni kutoka hoteli za Utende, akapelekwa kwa ukoo mmoja wa hapa uliokuwa na hati ya shamba ya tangu enzi za Waarabu, yenye mhuri na mkono wa Seyyid, sultani wa Unguja. Costantine aliitwa kutafsiri Kiingereza. Aliiona fedha ikitoka mfukoni mwa mgeni, akaiona karatasi ikiingia kwenye mfuko wa plastiki taratibu, na usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake akaanza kupekua kwenye simu. Akagundua kwamba huko duniani karatasi zilizotiwa mkono na wafalme zinanunuliwa kama viwanja. Wanaozinunua wala hawazisomi. Wanazifungia kwenye makasha ya chuma na kusubiri bei ipande.

Fikiria mtu aliyetumia maisha yake yote akipambana na ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho, mvua zisizokuja na nguruwe pori. Karatasi haihitaji palizi. Haiugui. Mkewe Leonia, fundi cherehani, alimkumbusha kwamba mafao ni ya wawili, na kwamba walikubaliana tangu zamani yatajenga nyumba kwao Muleba ili wasizeekee kwenye nyumba ya kupanga. Costantine akamjibu kwamba nyumba itajengwa, tena ya ghorofa, zikishauzwa karatasi. Leonia akarudi kwenye cherehani yake, na kanyagio likasikika kwa nguvu kuliko kawaida.

Mnunuzi alipatikana kupitia dalali wa Dar es Salaam, kijana aitwaye Sadock, ambaye Costantine hajawahi kumwona ila kwenye simu. Sadock alisema ana tajiri wa Ughaibuni anayekusanya barua za masultani, na kwamba mambo ya vibali ni kazi yake yeye. Costantine hakumwamini. Alimwomba atume picha ya kitambulisho, kisha akamwomba atume picha akiwa ameshika kile kitambulisho, kisha akampigia kwa video ili aone kama sura zinafanana. Sadock alivumilia yote. Alichosisitiza ni kimoja tu: tajiri hataki mihuri, mihuri inaghushiwa, anataka sahihi, mfalme awe ameandika jina lake kwa mkono wake. Mzigo wote bila sahihi hata moja ni wa kufungia maandazi.

Na hapo kwenye neno hilo ndipo Bwana Shamba alipojikwaa mara ya kwanza. Alikwenda Baleni kwa mzee mmoja mwenye waraka uliokunjwa kunjwa. Mzee akamwambia, "Waraka huu ni sahihi, Bwana Shamba. Sahihi kabisa." Costantine akasikia kwamba una sahihi. Akalipa, akarudi nao Kirongwe kifua mbele, akampelekea Ustadh Taufiki wa madrasa ausome. Ustadh aliusoma, akakohoa kidogo, akamweleza kwamba ni makubaliano ya watu wawili juu ya mbuzi jike, na mwishoni hapana jina la mtu yeyote. Costantine alirudi Baleni siku ileile amevimba. Mzee wa watu akamtazama kwa upole na kumuuliza kama kuna uongo wowote kwenye habari ya mbuzi yule. Alisema waraka ni sahihi, je, aliwahi kusema una sahihi?

Tangu siku hiyo kila akionyeshwa karatasi huuliza kwanza, "Sahihi ya ukweli au sahihi ya mkono?" Vijana wa kijiweni wakalifanya salamu. Ukimuuliza mtu hali, anakujibu, "Sahihi ya mkono."

Akazidi kuwa mkali. Karatasi aliinusa kwanza, maana wapo waliomletea zilizochovywa kwenye chai ya rangi, na chai ina harufu yake. Akaitazama juani kutafuta matundu ya mchwa, akayapekua matundu yenyewe kama yametobolewa na sindano. Mmoja alimletea barua ya Seyyid iliyoandikwa kwa kalamu ya biki. Huyo alimfukuza mpaka barabara ya lami. Hata Ustadh Taufiki, aliyemsomea bila kudai kitu, hakusalimika. Ustadh ana mwandiko mzuri kuliko watu wote wa upande wetu, na wino wa mbao za madrasa huupika mwenyewe kwa masizi ya taa na gundi ya mti. Costantine akamwangalia mtu mwenye wino wa kale na mkono wa kale, akaanza kuwaza. Akawa kila alichosomewa na Taufiki anakipeleka kwa shehe mwingine Kilindoni kikasomwe upya. Ustadh alijua, na aliendelea kumsomea.

Mkusanyiko ukakua. Zikajaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: hati za minazi, wasia, barua za maliwali. Mafao yakapungua kwa kasi ileile. Mihuri alikuwa nayo tele. Sahihi hakuwa nayo.

Ndipo akasikia habari za Bi Mize wa kisiwa cha Juani.

Bi Mize ni ajuza wa ukoo ulioishi Juani tangu magofu ya Kua yalipokuwa bado nyumba za watu, au ndivyo wanavyosema wenyewe. Mumewe alikufa zamani na hakujaaliwa mtoto. Costantine alivuka kutoka Utende mchana wa jua kali, akamkuta barazani akichambua mchele. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza shida yake. Bi Mize alimaliza mchele wake, akamwambia anawe mikono kwa maji ya mtungi uliokuwa nyuma ya nyumba. Costantine akajua hiyo ni mbinu ya kumgeuza mgongo ili karatasi ibadilishwe. Akanawa huku amegeuza shingo, maji mengi yakamwagikia viatu.

Waraka ulitoka ndani ya mwanzi uliofungwa kitambaa cha kanzu. Bi Mize alipoukunjua, Costantine alihisi mapigo ya moyo mpaka kwenye meno. Karatasi ilikuwa nzito, ya zamani kwelikweli, bila harufu ya chai. Juu palikuwa peupe, maneno yamefifia kiasi cha kubaki vivuli, na katikati mistari imepauka. Lakini chini, pale mwisho, palikuwa na jina lililoandikwa kwa mkono mpana, jeusi tititi, mkia wake umepita chini ya mstari mzima na kurudi. Alikuwa ameona picha za mkono ule kwenye simu yake mara zisizo na idadi. Ilikuwa sahihi ya Seyyid, ya mkono.

Akapiga picha, ameweka rula pembeni. Kisha akauliza kwa nini hapa juu pamefifia.

"Imetumika," akasema Bi Mize.

Costantine akaelewa kwamba imeshikwashikwa na watu wengi ikachakaa, akatikisa kichwa kwa huruma ya mfanyabiashara. Hakuuliza zaidi. Yeye ambaye angeuliza mpaka jina la mtumbwi ulioleta dagaa, hapo hakuuliza.

Bi Mize alikubali kuuza. Alisema yeye ni wa mwisho wa nyumba ile, akifa hakuna anayejua namna ya kuuhifadhi, na paa la madrasa ya Juani linavuja, watoto wanasoma wakihamahama kufuata pakavu. Sharti lake lilikuwa moja. Waraka alipewa babu yake mkubwa, mtu aliyeitwa Sudi, na hautatoka ndani kabla ya kusomwa khitma ya Sudi huyo, mwezi wa Mfungo Sita, jina lake litajwe mara ya mwisho waraka ukiwa nyumbani. Costantine akatoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali, akarudi Kirongwe na picha, akamtumia Sadock. Jibu la Sadock lilikuja kabla hajavua viatu. Tajiri amekubali. Atachukua sanduku zima, ilimradi karatasi ile imo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama hivi: sahihi ikifika mkononi, mafao yanarudi na watoto wake, na Leonia anapata nyumba ya Muleba. Isipofika, mzee amekula uzee wao wote wawili.

Basi akaanza kusubiri, na kusubiri kwa mtu wa namna ile ni ugonjwa. Kwa nini khitma? Kwa nini Mfungo Sita na siyo kesho? Akaona wazi kwamba ajuza ameomba muda ili waraka unakiliwe. Na nani wa kuunakili kama si Taufiki? Akaenda madrasa akajifanya kusalimia, akachungulia chungu cha wino kama kimejaa kuliko juzi. Akawauliza manahodha wa Utende kama Ustadh amevuka karibuni. Walipomwambia hawajamwona, akaona wameshapangwa waseme hivyo.

Mwezi uliotangulia ule wa Mfungo Sita, binti yao Careen alikuja kutoka Dar kujifungua kwa mama yake. Ilikuwa mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika wakampeleka hospitali ya Kilindoni, na uchungu ukakaa. Ukapita mchana, ukapita usiku, asubuhi ikafika mtoto hajaja. Muuguzi Tumaini alitoka mara kwa mara kuwaambia wawe na subira, daktari anafuatilia, ikibidi atapasuliwa. Costantine alikaa kwenye benchi la nje na rozari yake. Sitamsingizia: siku hiyo hakuwaza karatasi. Aliomba mpaka midomo ikamkauka.

Alichokiona ni kwamba Leonia ameondoka. Aliaga kwamba anakwenda kutafuta uji, akapotea nusu ya siku. Aliporudi, pindo la khanga yake lilikuwa limelowa na kukaukia chumvi, na kwapani alikuwa na kitu amekivingirisha kwenye mtandio. Costantine aliona shingo ya chupa, na ndani yake maji ya rangi ya kijivu.

Akamuuliza ni nini. Leonia akasema ni dawa. Akamuuliza imetoka wapi. Leonia akamtazama kwa macho mekundu ya kukosa usingizi, akampita akaingia ndani.

Mtoto alizaliwa alasiri ile, wa kiume, bila kisu. Tumaini alisema ni dripu ndiyo iliyosaidia, na kwamba mimba za kwanza ndivyo zilivyo. Costantine alilia mbele za watu bila haya. Lakini machozi yalipokauka, ile chumvi ya kwenye khanga ilibaki kichwani mwake. Chumvi ile haipatikani Kilindoni kwa mtu aliyekwenda kutafuta uji. Mkewe alikuwa amevuka maji.

Hapo shaka zake zote, zilizokuwa zikizunguka kwa Taufiki na manahodha na ajuza, zikahamia nyumbani. Leonia hakuwahi kuzipenda zile karatasi. Leonia anataka nyumba sasa, siyo baadaye. Kama amekwenda Juani kwa siri, amekwenda kuvuruga biashara au kuifanya peke yake, pengine ameshazungumza na mnunuzi mwingine. Kila alipomwona amempakata mjukuu anamwimbia, alijiuliza ni mtu gani anayeweza kuimba vizuri namna ile huku ameficha jambo. Hakumwambia neno. Alianza kulala na ufunguo wa sanduku la bati mfukoni.

Siku ya khitma akavuka. Alimwomba Ustadh Taufiki afuatane naye, si kwa kumwamini, ila kwa kuona ni heri mshukiwa awe karibu. Nyumba ya Bi Mize ilijaa watu, wanaume barazani, wanawake ndani na uani. Akashangaa kuona anapishwa. Watu waliokuwa wakimjibu kwa mkato wakasimama kumpa mkono. Mwanamke mmoja, Mwanahalima, ambaye kwa kawaida akimwona huvuta mlango, alimletea kahawa na haluwa kwa mikono yake na kumuuliza hali ya mjukuu. Costantine akapokea kahawa na kuinusa. Mtu hafanyiwi ukarimu wa ghafla bila sababu, akawaza, na wanaotaka kukutia changa la macho huanza na haluwa.

Dua ikaombwa, Sudi akatajwa, wali ukaliwa. Bi Mize akamwita ukumbini, akauleta mwanzi, akautoa waraka na kumkabidhi mbele ya watu.

Aliufungua. Alitazama chini ya karatasi, akafungua simu akatazama picha, akatazama karatasi tena. Matundu ya mchwa ni yaleyale. Pembe iliyopasuka ni ileile. Pale mwisho, palipokuwa na jina la mfalme na mkia wake mrefu, palikuwa na doa jeupe lenye kingo za kijivu, kama alama ya kikombe mezani.

"Sahihi iko wapi?" akauliza. Sauti ilimtoka ndogo.

Bi Mize akatabasamu kama anayetaniwa. "Si mlikunywa nyie?"

Hakuelewa. Ustadh Taufiki, aliyesimama nyuma yake, alielewa kabla yake na akavuta pumzi.

Ajuza akakaa kitako, akasimulia kwa raha, maana alidhani anamsimulia mtu jambo analolijua. Waraka ule ulikuja na bismillahi juu na dua katikati, na tangu zamani nyumba ile mwanamke akishikwa na uzazi mgumu hupewa kombe lake: pamba inachovywa kwenye marashi, maneno yanapanguswa taratibu, yanasuuzwa katika maji, mzazi anayanywa. Bismillahi ilinywewa na mama yake siku ya kumzaa yeye. Mistari iliyofuata ilikwenda kwa shangazi, kwa majirani, kwa mtu wa Jibondo aliyeletwa kwa mashua hajitambui. Ndiyo maana pale juu pamefifia, umetumika. Mpaka mwaka huu wino wenye nguvu ulikuwa umebaki kwenye jina la Seyyid peke yake.

"Mkeo alikuja hapa analia, kaelekezwa na wanawake wa hospitalini," akasema. "Nikamwambia, mwanangu, uliobaki ni wa mumeo, keshatoa kishika uchumba chake, siwezi kuugusa. Akanambia mwenyewe kasema chukua, roho ya mwanangu ni kubwa kuliko karatasi. Nikaupangusa. Bwana Shamba, mimi nilikuwa nakudhania mtu wa fedha tu. Nisamehe sana."

Wanawake walikuwa wamesogea mlangoni, wanamtazama, na macho yao yalikuwa na kitu ambacho hakuwahi kutazamwa nacho tangu aletwe kisiwani na barua ya uhamisho. Ile kahawa ilikuwa ya kweli. Haluwa ilikuwa ya kweli. Walimheshimu kwa maneno ambayo hakuyasema.

Angeweza kusema. Neno lilifika ulimini kabisa: sikuruhusu, nimeibiwa, nataka kishika uchumba changu. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikio yanavuma. Na ndani ya hasira hiyo likaja swali baya kuliko yote, nalo lilimuuma zaidi ya hasara: Leonia angemuuliza siku ile pale kwenye benchi, angekubali? Alijitafuta ndani yake, akakuta kwamba angeuliza kwanza kama hakuna wino mwingine. Angeuliza kama haliwezi kupanguswa nusu ya jina. Leonia alimjua. Ndiyo sababu hakumuuliza.

"Ndiyo," akasema Costantine. "Nilimwambia achukue."

Bi Mize akamwombea dua ndefu, na akakataa kupokea fedha iliyobaki. Alisema haki ya waraka imeshalipwa. Costantine akakataa kukataliwa, akaiacha fedha ya mabati ya madrasa mkekani, akatoka na karatasi yake ndani ya mwanzi.

Ndani ya boti, wakirudi Utende, maji yalipoanza kubadilika rangi, Costantine akauliza, akitazama mbele, kama Ustadh anaujua mwandiko ule wa Seyyid. Taufiki akasema anaujua. Akauliza kama wino wa masizi wa leo unatofautiana sana na wa zamani. Taufiki akasema hautofautiani. Costantine akafungua simu, akaipanua ile picha yenye rula, akamsogezea.

"Ustadh," akasema, "wewe una mkono mzuri sana."

Taufiki hakuitazama simu. Alimtazama yeye, kuanzia viatu kwenda juu, polepole, kisha akausogeza upande wa pili ule mfuko wake wa vitabu uliokuwa katikati yao. Costantine aliyatambua macho yale. Kwa miaka mingi alikuwa akiyatumia mwenyewe, kwenye magunia ya korosho, kwenye mafungu ya dagaa, kwenye chungu cha wino cha mtu huyuhuyu. Hakuwahi kujua kwamba yanachoma hivyo. Akairudisha simu mfukoni, akaomba radhi kwa sauti ambayo injini iliimeza, ikabidi aombe tena.

Huko Kirongwe alimkuta Leonia uani, amempakata mtoto. Careen alikuwa ndani amelala. Costantine akauweka mwanzi juu ya cherehani, akakaa kwenye kigoda. Leonia aliuona mwanzi, akajua kwamba ameshajua.

"Baba Careen," akasema, "kama ni nyumba, mimi nimeshaisamehe. Nilijua nalipa kwa kitu gani."

Kabla hajajibu simu ikalia. Ilikuwa Sadock. Costantine akaweka sauti ya nje, sijui kwa nini, labda alichoka kuwa na siri.

Sadock alisema tajiri yuko tayari, fedha iko tayari, anataka kuhakikisha tu. Sahihi ipo?

"Haipo," akasema Costantine.

"Picha yake ninayo hapa, mzee wangu."

"Ilikuwapo. Imepanguswa. Binti yangu alikuwa na uzazi mgumu, akapewa kombe. Ameinywa."

Kwa mara ya kwanza tangu waanze biashara ile Costantine alikuwa amesema jambo lote kama lilivyo, bila kuficha hata nukta, na alihisi wepesi fulani wa kifua akisubiri kijana ajibu pole.

"Mzee," akasema Sadock, sauti imebadilika, "umemuuzia nani?"

"Sijauza. Nimekwambia imenywewa."

"Sawa, imenywewa. Amekupa ngapi?"

Costantine akapima majibu yake. Angemtumia picha ya doa, kijana angesema limetengenezwa. Angempa Bi Mize azungumze, angesema wamekula njama. Angempa muuguzi, angempa Ustadh, angempa mtoto mwenyewe, na kila shahidi angekuwa mshukiwa mpya. Alimjua mtu anayeuliza namna ile. Alikuwa ameishi naye miaka yote ndani ya ngozi moja, na hakuna jibu lililowahi kumtosha. Akakata simu.

Sadock hakupiga tena. Sanduku la bati bado liko chini ya kitanda, na mihuri yake yote. Hapa Kirongwe wapo mpaka leo wanaoapa kwamba mzee aliiuza sahihi kimyakimya na kwamba kuna ghorofa linapanda Muleba, na akipita na fungu lake la dagaa wanamtazama mfukoni. Yeye anawasalimia na kupita.

Lakini jioni ile, simu ilipokatika, Leonia alisimama na kumpa mtoto. Costantine akanyoosha mikono, akampokea kama alivyopewa, na hakumgeuza chini juu.